Mwana Wetu
(Mhadhara uliotolewa ndani ya Ngome ya Lamu, baada ya swala ya isha)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mlioegemea ukuta kule nyuma, ahsanteni kwa kuja usiku huu. Nimeombwa nizungumze kuhusu riwaya nilizozisoma karibuni na jinsi zilivyonigusa. Nadhani walioniomba walitaraji nije na orodha: hiki kizuri, hiki kinachosha, hiki wanunulieni watoto. Nilianza kuiandika orodha hiyo. Nilipofika kitabu cha kwanza nikakwama, na mpaka leo sijatoka ndani yake. Kwa hiyo nitasema sana kuhusu kitabu kimoja, vingine nitavipitia, na katikati nitamzungumzia msichana mmoja aliyelelewa nyumbani kwetu Mkomani nilipokuwa mdogo. "Kulelewa" ndilo neno tulilolitumia. Msichana huyo sasa ni bibi mwenye wajukuu. Kabla ya kuja hapa nilikwenda kumwomba ruhusa. Ameniruhusu, kwa sharti nisilitaje jina lake.

Kitabu chenyewe ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Wengi wenu mlilisikia jina lake Oktoba 2021, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka angali kijana baada ya Mapinduzi, akaenda kuishi Uingereza, na vitabu vyake akaviandika kwa Kiingereza. Hiki alikitoa mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Kilingoja miaka 28 ndipo kikatufikia kwa Kiswahili, mwaka 2022, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis aliyekitafsiri, na kikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28! Mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa, ndipo watu wa pwani wakaanza kusikiana wakizungumza lugha yao wenyewe katika hadithi inayowahusu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukisoma kwa Kiingereza, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikisoma kialimu: kalamu mkononi, mistari pembeni, nikasifu ufundi wake, nikakirudisha kwa aliyeniazima. Hakikunikosesha usingizi. Miaka miwili iliyopita mpwa wangu akaniletea Peponi, nikakaa nacho dakani, kwenye baraza ya mlangoni, baada ya alasiri, na kabla jua halijatua nilikuwa nimekiweka chini na mikono inanitetemeka. Hadithi ni ile ile, na msomaji ni yule yule. Nimejiuliza sana nini kilichobadilika.

Kwa wasiokisoma, nitawaeleza kidogo. Ni miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, Wajerumani wameshika nchi itakayokuja kuitwa Tanganyika, na reli yao imefika mji mdogo uitwao Kawa. Hapo babake Yusuf ana hoteli. Yusuf ana miaka 12. Huwajia mgeni mmoja, tajiri wa misafara, jina lake Aziz, mtu mtaratibu anayenukia vizuri, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Wazazi wamemzoesha Yusuf kumwita kwa jina la ndugu wa babake. Siku moja mtoto anaambiwa atasafiri na ami yake huyo. Anapanda treni. Anafika pwani, kwenye nyumba kubwa yenye bustani iliyozungushiwa ukuta, na yeye hapewi chumba ndani. Analala nje, barazani mwa duka, na kijana mwingine aitwaye Khalil. Khalil ndiye anayemweleza mambo. Yule si ami yako. Babako ana deni kwake. Wewe umewekwa rehani mpaka deni lilipwe, kama nilivyowekwa mimi. Mwite Seyyid.

Kwa Kiingereza mtoto anasema "uncle". Maana yake naijua tangu skuli, lakini neno lile halikunilea. Halikupata kunipakata wala kunigombeza. Ami ni habari nyingine. Ami akiingia unainuka, unambusu mkono. Ami ndiye atakayesimamia nikahi yako babako akiwa hayupo. Ukimwambia mtoto wa Lamu kwamba ami yake si ami yake, na kwamba jina lile lilikuwa kitambaa kilichofunikiwa daftari la madeni, umemvunjia nyumba. Nilipofika hapo nikasikia sauti ya bibi yangu, marehemu, Mungu amrehemu, akisema neno jingine kabisa. Akisema: "Huyu ni mwana wetu."

Ndivyo alivyokuwa akiwajibu wageni walipoulizia msichana yule ni nani.

Aliletwa mwaka 1965. Mimi nilikuwa na miaka minane, yeye labda kumi na mmoja. Alivuka na babake kwa mashua kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Babake hakupita ndani. Alikaa dakani, akaletewa kahawa, akazungumza na babu kwa sauti ya chini, na maji yalipojaa akaondoka. Binti akabaki amesimama kiwandani, yaani uani, ameshika kifurushi kidogo cha kitambaa kwa mikono miwili. Nilitaka kujua mna nini ndani. Hakukifungua siku ile, wala siku ya pili.

Nilimwita dada. Kila alfajiri alijaza birika kwa maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, akiwaangalia wale samaki wadogo tunaowafuga humo ili wale viluwiluwi vya mbu, asije akawateka na kata. Alikuna nazi, alitwanga, alinisuka nywele, alinitoa vijiba vya miguu. Sisi tulilala vitandani; yeye alilala mkekani, katika msana wa chini, yaani ukumbi, karibu na mlango. Chuoni tulikwenda pamoja, na alihifadhi haraka kunishinda. Skuli nilikwenda peke yangu. Hakuna mtu nyumbani aliyempiga, na sikumsikia hata mmoja akimwita mtumishi. Alikula tulichokula, baada yetu. Leo nayasema maneno hayo mawili, "baada yetu", na yananikwama kooni. Wakati ule yalikuwa hewa tu, mtu haioni hewa.

Jioni nilipokaa na daftari langu, yeye alisimama nyuma yangu akitazama. Akaniuliza, hii ni nini, na hii je? Nikamfundisha kuandika jina lake. Ilichukua siku tatu au nne. Kisha usiku mmoja akachukua kipande cha mkaa jikoni, akaliandika ukutani, herufi kubwa zilizopinda, jina zima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Bibi aliliona asubuhi. Hakumwambia kitu. Alichovya kitambaa majini, akafuta, kisha akageuka kwangu mimi na kunisomea ubeti.

Ubeti huo ni wa Mwana Kupona. Nasi hapa, jina hilo likitajwa, tunakaa vizuri. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi ule mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akijua huenda hatapata nafasi ya kumwambia tena. Ni mama anayetumia pumzi zake kumfunga mwanawe kila hirizi anayoijua: dini, adabu, ndoa, ulimi. Nimeufundisha kwa miaka mingi na naupenda mpaka leo. Lakini umo ubeti anaomuusia binti asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, maana watamvuta. Huo ndio ubeti niliosomewa asubuhi ile, kwa mahadhi yale yale matamu ya kusomea tendi, na kitambaa chenye masizi kingali mkononi mwa bibi.

Na mimi nikawa mwalimu. Kila mwaka nilipousomesha utendi huo, nilipokaribia ubeti ule niliuruka. Niliwaambia watoto muda hautoshi. Baadhi yenu mlikuwa katika darasa hilo, nawaona hapa. Muda ulitosha.

Nirudi kwa Yusuf. Gurnah amemjenga juu ya Yusuf tunayemjua sote, wa Sura ya kumi na mbili. Yule alitupwa kisimani na nduguze, akauzwa kwa dirhamu chache, akalelewa katika nyumba ya mkubwa wa Misri, mke wa mkubwa akamtaka, na kanzu ikachanika nyuma, ushahidi kwamba alikuwa akikimbia. Katika riwaya tajiri anaitwa Aziz, na mkewe, aliyefungika ndani ya nyumba ile na alama usoni inayomtesa, anaitwa Zulekha. Shati la kijana linachanika mgongoni. Msomaji wa Lamu haelezwi zaidi ya hapo. Tunazo aya hizo vifuani, na mwandishi anajua kwamba tunazo. Nilipofika ukurasa ule nilihisi kama mtu amenikonyeza kutoka upande wa pili wa chumba, kwa mapenzi.

Ila kuna mahali hadithi mbili hizi zinaachana, na hapo ndipo nilipolia. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Mtoto alichukuliwa na wenye husuda, baba akabaki na kanzu yenye damu ya uongo. Baba wa Yusuf wa Gurnah hakuibiwa mtoto. Alimtoa. Hapakuhitajiwa kisima wala ndugu wenye wivu; lilihitajiwa deni tu, na neno la ujamaa la kulifunikia. Niliposoma hivyo nilimwona yule mzee dakani kwetu na kikombe cha kahawa. Nikajiuliza alikuwa akitazama wapi alipokuwa akinywa.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba Gurnah anawachafulia Waswahili jina; kwamba anatoa aibu za nyumbani kwa lugha ya watu. Nayaelewa maumivu hayo. Tumesemwa vya kutosha na wageni kuhusu biashara ya watumwa, mara nyingi na wale wale waliotutawala baadaye. Lakini soma kitabu chenyewe. Mjerumani hasamehewi humo. Aziz hajafanywa shetani. Ana heshima, ana subira, anatamka maneno mazuri, na msafara wake wa bara unapoharibika unamwonea hata huruma. Ubaya wake umo ndani ya uzuri wake, ndiyo maana unatisha. Na yumo mtunza bustani, Mzee Hamdani, ambaye bibi wa nyumba alitaka kumpa uhuru kama zawadi, naye akakataa. Aliuliza, kwa namna yake, nani aliyempa bibi huyo uhuru wa mtu mwingine hata akaweza kuugawa. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko chochote katika kitabu. Pwani yetu hii utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Watu waliandikiwa kwamba wako huru. Sheria ilifuta jina la hali. Nyumba zikatafuta majina mengine, ya upole zaidi, na moja kati ya hayo nililirithi mimi.

Baada ya Peponi nilitafuta Afterlives, kilichotoka mwaka 2020, nikakisoma kwa Kiingereza kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja. Sitasema mengi juu ya vita vilivyomo, ingawa vimeelezwa vizuri, askari weusi wakifa kwa ajili ya Mjerumani. Nilisimama kwa Afiya. Ni mtoto wa kike aliyeachwa kwa watu anaowaita jamaa zake, akiwafanyia kazi. Kakake anamkuta, anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anakwenda vitani na kumrudisha kule kule. Mwenye nyumba akagundua kwamba mtoto anajua kuandika. Akampiga mpaka akamvunja mkono. Naye Afiya akaandika barua ya maneno machache sana, kwamba ameumizwa, asaidiwe, akaipeleka ifike kwa mtu mmoja aliyeambiwa anaweza kumtegemea. Barua hiyo ikamwokoa.

Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimekaa jikoni, katika nyumba ile ile, mbele ya ukuta ule ule. Umepakwa chokaa mara nyingi tangu 1965. Kwetu hapakuvunjwa mkono, paliloweshwa kitambaa. Nilifikiri: na kama angetaka kuandika barua, angeanzaje, na alikuwa na jina lake peke yake?

Mtanisamehe nikitoka kidogo kwenye riwaya. Tunaupenda sana Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na tuna haki ya kuupenda. Anatutembeza katika majumba ya Pate yaliyoanguka. Zidaka za ukutani zilizowekwa sahani za Kichina sasa zimelaliwa na makinda ya ndege. Zile kumbi zilizowaka taa za kioo na shaba sasa ni giza na popo. Ameyasema hayo kutuonya tusiishikilie dunia, na onyo lake limefika. Lakini tangu nilipomaliza Peponi siwezi kuusoma Inkishafi bila kuuliza: zile taa, nani alikuwa akiziwasha? Nani aliyezifuta vumbi sahani zile na kuzirudisha kidakani, akiogopa zisimponyoke? Tunaulilia ukuta ulioanguka. Aliyeubeba udongo wake kichwani hatujampa hata ubeti. Watalii wanakuja mji huu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sisi huwaonyesha zidaka, milango ya kuchonga, vitanda. Hata mimi huwaonyesha. Sijawahi kumwonyesha mtu pale msana wa chini, karibu na mlango, mkeka ulipokuwa ukitandikwa.

Sasa nizungumze kuhusu vile vingine, maana nisingependa mwende nyumbani mkidhani nasoma vya huzuni peke yake.

The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor kilitoka mwaka 2019, na kimewekwa hapo jirani, kisiwani Pate. Nakiri nilikifungua nikiwa nimekunja uso. Mwandishi si mtu wa visiwa, na Pate si mahali pa kila mtu kuingia na viatu. Uso ulikunjuka mapema. Mtoto Ayaana anaishi na mamake, Munira, mwanamke anayesemwa vibaya na mji, na babake hayupo. Hukaa akiitazama bahari. Kisha anarudi kisiwani baharia mzee, Muhidin, aliyezunguka dunia na vitabu vyake, na mtoto akamchagua kuwa baba. Akamchagua yeye mwenyewe! Hapa neno la ujamaa linakwenda upande mwingine kabisa. Yusuf alipewa ami wa uongo na watu wazima. Ayaana akajitafutia baba wa kweli pasipokuwa na damu wala deni. Kurasa za hao wawili, mzee akimfundisha mtoto kusoma dunia, ndizo zilizonifurahisha kuliko zote nilizosoma mwaka huo.

Baadaye Ayaana anapelekwa Uchina, kwa kuwa anahesabiwa kizazi cha mabaharia wa Zheng He, amiri wa Kichina, waliozama karibu na Pate miaka mia sita iliyopita. Hilo halikubuniwa hewani. Mwaka 2005 msichana mmoja wa kisiwa hicho alipelekwa kweli kusoma Uchina kwa sababu kama hiyo, na mji wote huu uliizungumza. Owuor anauliza swali ambalo sisi hatukuliuliza siku zile za shangwe: msichana aliyebebeshwa historia ya mataifa mawili analala vipi usiku? Lugha yake ni ya mawimbi, sentensi inakuja, inavunjika, inarudi. Kuna mahali inanilevya, na kuna mahali inanichosha. Zile sura za Uturuki ningezipunguza nusu. Lakini yule kereng'ende aliyempa kitabu jina ni wa kweli, mdudu mdogo anayevuka bahari yote hii kutoka India akibebwa na pepo, na tangu nilipokisoma, kaskazi ikianza kuvuma hutoka darini kuwatazama.

Na The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichotoka 2021, ndicho ninachotaka wasichana walioko hapa wakitafute wakitoka. Kilishinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mvuvi amepotea baharini, na bintiye Aisha anakwenda kumtafuta kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka anayesema. Hapa Lamu hakuna atakayeshangaa paka kusema. Tunaishi nao, tunajua kwamba wanayajua mengi. Furaha yangu ilikuwa kuona mtoto wa kike wa Kihadhrami, aliyelelewa na bibi mkali anayemtakia stara, anaingia chomboni na kuyakabili madude ya baharini. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyelipa deni kwa kumtoa yeye. Nilikisoma kwa siku mbili.

Watoto wanne hao, Yusuf, Afiya, Ayaana na Aisha, wamekaa nami sasa kama watoto wa mtaa mmoja. Wote wanatazama mlango au bahari wakingoja mtu mzima arudi. Wawili walikabidhiwa watu wengine kama mizigo. Ndio walionifanya nivae buibui langu asubuhi moja na kwenda kwa shangazi yangu, wa mwisho aliyebaki wa rika lile, nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza kwa miaka karibu sitini.

"Shangazi, yule dada wetu, alikuja kwetu kwa nini?"

Hakusita. Alikuwa akichambua mchele. Akasema: "Babake aliwiwa na babuyo. Mahindi ya mwaka wa njaa, na tanga la mashua. Wewe hukujua?"

Nikamuuliza deni liliisha lini. Akafikiri, akasema: "Hakuna aliyeandika."

Alikaa kwetu mpaka alipoolewa, miaka minane. Babu hakuwa mtu mbaya. Alimtolea vyombo vya arusi na kitanda, watu wakasifu. Yote hayo ni kweli, na nayaweka mbele yenu pamoja na lile neno la shangazi, kwa sababu sijui namna ya kuliondoa moja bila kulisemea jingine uongo.

Basi nikavuka. Mashua mpaka Mokowe, kisha pikipiki, nikafika kwake saa nne. Tulikuwa hatujaonana tangu msiba wa mama. Amekuwa mfupi, na macho yamepungua nguvu. Tukaulizana hali mpaka zikaisha, chai ikaletwa na mjukuu, na mimi nimekishika kitabu mapajani kama mgeni aliyekuja na kitu asichojua kukitoa. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Nikaanza kueleza, deni, mahindi, yale maneno ya shangazi. Nikaeleza na la ukutani.

Akaniachia niseme. Kisha akakitazama kitabu, akauliza: "Na hicho?"

Nikamwambia ni hadithi ya kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Alikaa juu ya kibao chake cha mbuzi akikuna nazi polepole, na mimi nikasoma hoteli ya babake Yusuf, tajiri na sarafu zake, nikasoma mpaka mtoto anaambiwa atasafiri, mpaka stesheni, mpaka treni inaanza kwenda. Mkono wake ukasimama.

"Alipewa nini cha kula ndiani?"

Sikuelewa. Akarudia: "Mwana yule. Mamake alimfungia nini?"

Nikarudisha kurasa, nikaanza kutafuta. Mistari inanipita machoni, sioni. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara tatu, na swali hilo halikunijia hata mara moja.

"Mimi nalipewa muhogo wa kuchoma," akasema. "Mama aliufunga kwa kipande cha leso yake. Sikuula. Naliona nikiula utakwisha. Ukaota ukungu, bibiyo akautupa jaani. Leso nikabaki nayo."

Mbuzi ikaanza tena.

"Haya endelea," akasema. "Treni imeondoka."